Safu ya Nne

Kazi yangu ni kuhesabu samaki usiku,
Kahe, chini ya Moshi, pale Kikuletwa inapopinda
kabla ya kufika mashamba ya miwa.
Nimepewa meza, koti la mvua,
kompyuta inayokula betri ya gari,
na fomu yenye safu tatu:
AMEPITA. AMEGEUKA. AMEGONGA.

Kamera iko majini, imefungwa kwenye mguu wa chuma,
na mbele yake mapanga matatu ya umeme
yanazunguka polepole
kama mtu anayekoroga mbege
na wageni bado hawajatoka kanisani.

Wiki ya kwanza nilisubiri damu.
Shangazi Namsifu, anayekaanga perege pale stesheni,
alikuwa ameshaniambia: "Hiyo ni mashine ya kusaga.
Mtaniletea samaki waliokwisha kukatwa,
nami nitaacha kunoa kisu."
Nikakesha, kalamu juu ya safu ya tatu.
Damu haikuja.

Walikuja kuyu, saa nne na robo,
kundi zima, kama wanafunzi waliochelewa paredi.
Hatua chache kabla ya mapanga wakagawanyika,
nusu kulia, nusu kushoto,
sikuona aliyetoa amri,
wakaungana tena ng'ambo ya chuma
wala hawakuitana majina.
Nikaandika: wamepita, thelathini na kitu.
Hicho "kitu" Injinia Ndelilio alikikataa.

Perege ni wajanja wa mchana.
Wamegundua nyuma ya nguzo maji hayana haraka,
wanakaa hapo kivulini, wanaguguna ukoga
ulioota kwenye mali ya mradi.
Mashine ina miezi miwili tu
nao tayari wana kibaraza.

Usiku usio na mwezi ndio mgumu.
Hapo samaki husikia kwa ubavu,
kwa ule mstari uliochorwa toka shavuni hadi mkiani,
na hufika karibu mno kabla ya kushtuka.
Wawili nimewaandika safu ya tatu.
Mmoja alizinduka, akaenda upande upande.
Mmoja sikumwona tena.
Nimeandika hivyo hivyo. Sikupunguza.

Lakini aliyeniharibia fomu ni mkunga.
Mnene kama mkono wangu, mweusi,
ameshuka toka vijito vya mlimani
kwa hamu ya bahari
asiyoiona tangu alipokuwa mwembamba kama uzi.
Akafika mita mbili mbele ya mapanga.
Hakupita. Hakugeuka. Hakugonga.
Alijilaza kwenye kokoto, akausikiliza mtetemo.
Usiku wa kwanza. Wa pili.
Wa tatu walichoma miwa, majivu yakadondoka
juu ya meza, juu ya skrini, juu ya chai yangu,
naye yupo.

Nikapiga mstari kwa rula pembeni mwa karatasi:
ANANGOJA.

Ndelilio alikuja na pikipiki kutoka mjini.
"Anangoja nini?"
Nikamwambia mimi nahesabu tu.
Alicheka, kisha akachuchumaa mbele ya skrini
na hakuinuka mpaka helmeti yake ikalowa umande.

Usiku wa tisa, saa tisa na dakika arobaini,
mkunga alijinyoosha chini kabisa,
pale kati ya ncha ya panga na mchanga
penye nafasi ya kiganja,
akapenya.
Niligeuka kutazama kijijini:
taa kumi na mbili, na friji ya chanjo ya zahanati.
Hakuna iliyopepesa.

Sikumhamisha safu. Alingoja, hilo ni kweli,
hata kama baadaye alipita.
Asubuhi Shangazi akauliza kama kuna kilichokatwa.
Nikamwambia usingizi.

Sasa yuko njiani kuelekea Nyumba ya Mungu,
kwenye ule ukuta wa bwawa.
Huko sina meza.