Vigezo na Masharti

Nilipanga herufi miaka ishirini na sita
kiwanda cha chapa, Barabara ya Pugu,
kwa hiyo msinidanganye:
herufi hazifanywi ndogo kwa uhaba wa karatasi.

Vocha aliileta mkwe wetu, zawadi ya ofisini kwao.
Mbele, samaki mzima na kipande cha limau,
na tarakimu nene: PUNGUZO ELFU THELATHINI.
Zamda akaibusu.
Mimi nikaigeuza.

Nyuma palikuwa na mchwa,
wamejipanga mistari kumi na minne.

Jumamosi tukaenda Upanga, yeye na doti mpya,
tukarudishwa mlangoni: Jumatatu hadi Jumatano tu.
Jumatatu iliyofuata ikawa Idi.
Sikukuu haihusiki.
Nikasema basi, tuiache.
"Itakufa tarehe thelathini," akasema,
"wala haifii mikononi mwangu."

Jumatano ya mwisho, bajaji toka Mbagala,
elfu arobaini kwenye pindo la khanga.

Mhudumu jina lake Evodius, kijana wa sauti ya chini,
alitusomea kama anayesoma majibu ya damu:
bili ifike elfu tisini,
vinywaji havihesabiwi,
vocha moja, meza moja,
hakuna chenji, hakuna kubeba,
nakala haikubaliwi
(nani aliwahi kuitoa fotokopi njaa?).

Nikapiga hesabu kwenye karatasi ya kufutia mdomo.
Ili nisamehewe thelathini ambazo sina
nilipe kwanza sitini ambazo sina.
Nikaikunja. Nikatafuta mlango kwa macho.

Sasa, Zamda ni kijumbe.
Upatu wa wanawake kumi na wawili, Kizuiani,
masharti yake hayajawahi kuandikwa popote
na hakuna aliyewahi kusema hakuyaona.
"Baba, rudia hapo pa meza."
"Vocha moja, meza moja."
"Imeandikwa meza ya nani?"

Evodius akaiinua vocha kwenye mwanga wa dirisha.
Akasoma midomo ikicheza.
"Haijaandikwa, mama."

Jirani zetu walikuwa wauguzi watatu wa Muhimbili,
wametoka zamu, viatu vimelegezwa chini ya viti.
Zamda akawasemesha kwa ile sauti ya kukusanyia michango,
ambayo mimi, mumewe, sijawahi kuikatalia.
Aliyeitwa Devota alicheka mpaka akashika ubavu,
kisha akashika upande wake wa meza.
Nami wangu.
Miguu ya meza ikalia juu ya vigae,
meneja akainua kichwa kaunta,
na mbao zikagusana.

Yao sitini na moja. Yetu thelathini na nne.
Toa soda, elfu tisa.
Themanini na sita.
Evodius akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Leta kachumbari," akasema Zamda, "ya elfu nne."
Yeye! Ambaye toka nimuoe
hajawahi kununua kitunguu kilichokatwa na mtu mwingine.

Meneja akaja mwenyewe.
Kidole chake kikapita juu ya mchwa, mstari kwa mstari,
kikimtafuta mmoja wa kutuuma.
Mstari wa tisa kikasimama. Kikaendelea.
Mwisho akatoa kitoboleo mfukoni:
tak.

Kumi na tano zikaenda kwao, kumi na tano kwetu,
kijumbe hagawi nusu na robo.
Tukalipa ishirini na tatu.
Bakshishi, kwa mujibu wa mstari wa kumi na tatu,
hukokotolewa kabla ya punguzo;
Zamda akampa Evodius kiganja kwa kiganja,
nje ya mistari yote.

Kachumbari ilibaki nusu bakuli.
Hakuna kubeba.
Bajaji nje inapiga honi,
Devota ameshavaa kiatu kimoja,
tukaimaliza tumesimama, vijiko vitano,
pilipili na vitunguu,
mpaka machozi.