Bolti ya Nne

Ilikatika bila makelele: tk,
kama njugu chini ya jino,
na spana ikawa nyepesi mkononi mwangu,
wepesi ule mbaya
wa mtu anayekubali haraka.

Ami Hamazasp hakugeuka.
"Ya ngapi?"
"Ya nne. Ile ya nyuma, karibu na ukuta."
"Kichwa kiko wapi?"
"Ninacho."
Akazima redio.

Nje, Gyumri imelala chini ya theluji ya Februari.
Ndani, UAZ ya baba, ile yenye umbo la boflo,
imepasuliwa kifua, bomba la moshi linaning'inia.
Imebeba kabichi, kondoo, mabibi harusi wawili,
jeneza la nyanya Vardush.

Bolti zote hizi alizikaza baba.
Kwanza kwa spana, kisha akachomeka paipu kwenye spana,
kisha akaning'inia kwenye paipu kwa uzito wake wote.
Hivyo ndivyo alivyofunga kila kitu:
mitungi ya achari, milango, mdomo.
Halafu akaenda Krasnodar kujenga nyumba za watu.
Miezi tisa, alisema.
Huu mwaka wa sita.

Tulianza kwa upole.
Dizeli na asetoni, tone kwa tone, siku mbili;
kutu haisikii dua ya siku mbili.
Tukaigonga kwa nyundo ndogo, kuiamsha.
Tukaitoboa kwa kekee, katikati kabisa, nimebana pumzi,
tukaingiza skrubu ya kinyume,
ile inayouma ukiizungusha kushoto.
Ikauma.
Nikaongeza kidogo.

Ikakatikia humo humo.

Chuma kigumu kuliko kekee zote za mji
ndani ya chuma kilichokatika
ndani ya chuma kingine.
Nilitoka nje nikaitukana theluji.
Niliporudi, ami amechemsha kahawa.
"Nazeli," akasema, "tangu juzi
unapigana na kaka yangu.
Mwache. Toa bolti."

Usiku wa tatu alichomelea,
tone juu ya tone, mpaka kisiki kikapanda,
akakivika nati, akaijaza moto wa buluu.
Mara mbili nati ilibanduka.
Mara ya tatu ikashika:
nyekundu, kahawia, kijivu.
"Sasa."
Nikagusisha kipande cha mshumaa wa kanisani.
Nta ikayeyuka, ikanyweka kwenye hesi
pale dizeli iliposhindwa.

Spana. Bila paipu.
Mbele kidogo, nyuma kidogo, robo ya robo,
kama unavyombembeleza mgonjwa ameze uji.
Chuma kikalia, sauti nyembamba,
na kiganja kikajua kabla ya macho:
imezunguka.

Ikatoka nzima, nyeusi,
urefu wa kidole changu cha mwisho.
Ami akaisugua kwa brashi, akaiinua kwenye taa,
akacheka, kisha akaacha kucheka.
Hesi zake si za injini hii.

Ilikuwa bolti ya kitanda.
Kitanda changu cha chuma, cha utotoni,
ambacho mguu wake mmoja, nakumbuka,
ulifungwa kwa waya,
majira yale ya baridi ambayo hapakuwa na umeme,
wala mkate, wala bolti,
na gari lilipaswa kuwaka asubuhi.

Bolti isiyo ya tundu lake hukaa kwa nguvu tu.
Ndiyo maana paipu.
Ndiyo maana uzito wote.

Nimeitia mfukoni mwa aproni, inanigonga paja nikitembea.
Kesho tutachonga hesi mpya.
Sasa iko ya tano.
Nimeijaribu kwa mkono mtupu: kimya, kama mwenyewe.
Nimedondosha dizeli tone moja,
nimeenda kuteka maji ya kahawa.