Saa Iliyobaki Darajani

Tulitoka Eufaula giza halijakatika,
watu ishirini na wanne, taa nyekundu nyuma ya viti,
na katikati ya daraja la Chattahoochee
Wendell akapiga kelele: "Georgia! Mmeibiwa saa!"
Upande wa Alabama ilikuwa saa kumi na mbili,
upande huu, saa moja.
Jua, lisilojua kusoma vibao,
likachomoza mara moja tu.

Mimi ni wa mwisho. Tangu siku ya kwanza ni wa mwisho.
Nyuma yangu yuko Odell peke yake na gari la mizigo,
ananifuata polepole
kama anayepeleka ng'ombe mchovu lamboni.
Vilima vya huku havionekani kwa macho,
unavijua kwa mapaja.

Kabla ya Cuthbert mbwa watatu walichomoka uvunguni mwa baraza.
Ruthann akawageukia kwa sauti ya mama mkwe:
"Nyumbani! Sasa hivi!"
Wakarudi.
Nusura na mimi nirudi nao.

Kisha karanga, maili kwa maili.
Mashine imepita, imezing'oa na kuzipindua,
mizizi juu, inaanikwa juani bila haya,
na harufu ile ya udongo uliofunuliwa
ikaniingia puani, ikateremka hadi magotini.
Njia panda, chini ya turubai, babu mmoja
na sufuria kubwa kama pipa.
"Umewahi kula karanga za kuchemsha, kijana?"
Nina miaka hamsini na miwili. Nimezaliwa Maswa.
Nikasema: sijawahi.
Sijui kwa nini.
Labda kwa jinsi alivyokuwa ameshaujaza mkono,
ameshaunyoosha.
Nikatafuna. Chumvi ni ileile.
Nikafumbua macho kama mgeni.

Saa sita, au saba, inategemea unamuuliza nani,
pamba ilianza.
Nyuzi zake zilikuwa zimenasa kwenye majani ya kando ya lami
na mimi nikamwona baba, Phoenix yake haionekani,
ni magunia mawili tu yanayotembea
kuelekea ghala la ushirika.
Nikashuka. Nikachuma tumba moja lililopasuka,
nikamkimbilia Delphine Tarver aliyesimama kunywa maji:
"Tazama, kwetu sisi—"
Akalitazama
kama mtu aliyeletewa deni la bibi yake.
"Hilo," akasema, "liache hukohuko."
Hakuwa na hasira. Akafunga chupa, akapanda, akaondoka.

Utalirudishaje tumba kwenye mti?
Nililiweka chini, juu ya udongo mwekundu,
taratibu, kama yai ambalo si langu.
Odell, ndani ya gari, alitazama pembeni.

Baada ya Dawson upepo ulitukabili usoni.
Nilikuwa nimebaki mifupa na pedali
nilipomkuta Delphine amepunguza mwendo, ananingoja,
asigeuke.
"Kaa nyuma ya gurudumu langu. Upepo niachie mimi."
Ana miaka sabini na mmoja.
Kwa maili kumi sikuona shamba lolote,
niliona mgongo wake,
jasho limekauka, limechora pwani nyeupe kwenye fulana.
Sikuomba radhi. Nilitafuta maneno, yakawa yote ya mtalii.
Badala yake nikamwambia mgongo ule:
"Yule babu wa karanga, nilimdanganya.
Nimezila tangu sijaota meno."
Kimya, cheni mbili zikilia.
Halafu akacheka mpaka baiskeli yake ikayumba,
nami nikayumba nyuma yake.

Usiku huu ni Americus, sakafu ya ukumbi wa kanisa,
viazi vitamu, kuku, akina mama wanaotuongezea bila kuuliza.
Saa yangu ya mkononi bado ni ya Alabama.
Sikuigeuza.
Kuna saa nzima ya maisha yetu imebaki juu ya maji kule,
na kesho tunaelekea mashariki,
hatutapita tena kuiokota.

Wendell anakoroma.
Miguu yangu, chini ya shuka,
inanyonga.