Siku ya Kutukanwa

Kitovu cha pili kilidondoka Jumanne.
Sikumwambia mtu. Nilikifunga kitambaani,
nikafukiza ubani, nikashusha pazia,
kama mama alivyoniagiza kwa simu kutoka Wete:
Usiwahesabu kwa sauti. Ukiulizwa, sema tu wapo.

Lakini Raya ana miaka saba na mdomo wa Katuba.
Alitumwa makala ya faranga mia tano
akarudi na mtaa mzima.

Walikuja na sufuria, na vifuniko, na madebe,
Mama Monga mbele, kitenge kakikaza kiunoni,
nyuma yake akina mama wa kwaya,
wale wale wanaoimba Jumapili macho wameyafumba.
Vumbi jekundu la Julai likapanda hadi kwenye kamba ya nepi.
Wakasimama langoni
wakaanza kututukana.

Walianza na Hafidh,
mhasibu, mtu wa kupiga suruali pasi mara mbili:
kwamba ana pupa, kwamba hajui kusema basi,
kwamba wenzake hutia mbegu moja shimoni,
yeye alimwaga gunia.
Kisha mimi:
kwamba tumbo langu ni soko la Kenya
(si Kenya ya kwenye ramani, Kenya yetu ya hapa,
soko lisilojua kufunga mlango).
Mengine siyaandiki. Hata wino una haya.

Hafidh akashika komeo.
Kwetu mtu hutukanwa hivi mara moja tu, kisha wazee huitwa.
"Papa Mapasa, usifunge," Mama Monga akasema, anahema.
"Batoto babiri banaleta moto mu nyumba.
Shiye tunakuya kuizima. Tukinyamaza, utaungua."

"Mapasa ndiyo mapacha," Raya akatufafanulia
pole pole, kama mwalimu mbele ya darasa zito.
"Na mkitukanwa mnacheka. Mkinuna, mtoto ataumwa."
Sisi tuliokuja na Kiswahili chetu sandukuni,
kimekunjwa, kimepigwa pasi,
tukidhani hapa tutakuwa sisi walimu.

Kisha sauti: "Leteni pemba!"

Moyo wangu ukaruka. Nikageuka kweli,
nikatazama barabarani,
nadhani nilitegemea mtu wa kwetu
ameshuka na kikapu cha halua.

Likaja bakuli. Udongo mweupe, umelowekwa, baridi.
Mama Monga akachovya vidole viwili
akanipaka shavu hili, akanipaka na hili,
Hafidh akapakwa hadi ndani ya ndevu,
watoto nukta kwenye utosi,
moja, mbili, akiwahesabu kwa sauti,
akiwaita Kyungu, akiwaita Kabange,
na mimi nikasubiri baya litokee.

Zilitokea noti.
Noti chakavu, zimelainika kama majani ya sombe,
zikadondoka kwenye ungo mbili mbili,
asiye na ya pili akamkopa jirani palepale.

Simu ikalia.
"Kelele gani hizo? Pana msiba?"
Sikujua nianzie wapi. Nikasema: Wanatutukana, mama.
Nikanyoosha mkono, simu nikaikabidhi kwaya.
Wakamgeukia yeye: bibi wa mapasa,
wewe uliyemzaa huyu asiyeshiba,
usiku ulimfundisha nini?

Kimya.
Kimya kirefu, cha gharama.

Kisha kutoka Wete, kwa sauti ya mwanamke
aliyewahi kunipaka pilipili mdomoni
kwa neno dogo zaidi,
likatoka tusi.
La zamani, lenye vina na kituo,
sijapata kulisikia, wala sikujua
kwamba nyumbani kwetu lilikuwa limehifadhiwa.

Mama Monga akaketi mavumbini, munkoyo ukamwagika,
akacheka mpaka udongo ukampasuka usoni.
"Huyu mama," akauliza, anajifuta macho, "njo wa wapi?"

"Pemba," nikasema.

Akanitazama.
Akalitazama bakuli.