Safari ya Kwenda na Kurudi

Katika kaunti yetu, Jumanne ya uchaguzi
baba hazikI mtu wala hapokei maiti.
Wafu wana subira, husema. Sanduku la kura halina.

Kwa hiyo alfajiri mimi, Renetta, binti wa Gadsden wa mazishi,
naitoa ile Kadilaki ndefu nyeusi,
navua mapazia, napanga viti vya kukunja
pale jeneza linapolala,
na kila anayesita mlangoni namwambia:
Panda. Leo ni safari ya kwenda na kurudi.

Wanacheka. Hucheka kila miaka minne.

Kituo kilikuwa kanisani, hatua mia mbili kutoka kwetu.
Wamekihamisha. Sasa kiko kwenye ghala la matrekta,
maili kumi na moja, ng'ambo ya kiwanda cha kuku,
na barua ya kutuarifu ilifika Jumamosi,
herufi zake ndogo kama sisimizi.

Bi Ozella anakaa mbele. Ana miaka themanini na sita
na mkoba uliojaa biskuti za siagi.
Mwaka hamsini na saba karani alimpa kalamu
akamwamuru anakili ukurasa mzima wa katiba.
Akanakili, bila kosa.
Karani akautazama mwandiko, akautazama tena,
akasema: hii herufi imelegea. Rudi mwakani.
"Herufi yangu," huniambia kila tukipita mahakama,
"haijawahi kulegea. Hata kwenye orodha ya sokoni."

Nyuma yuko mjukuu wake, Dewitt, ametoka zamu ya usiku,
ananuka klorini na manyoya.
Amekuja kubeba kiti cha bibi, basi.
"Walikuja Septemba," anasema, "wakala mbavu zetu,
wakapiga makofi nje ya mdundo,
wakatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.
Mgeni alikuja. Mwenyeji gani kapona?
Mama bado anaigawa insulini nusu kwa nusu."

Sikumjibu.
Sikuwa na jibu; nilikuwa na usukani.

Saa tatu na nusu za foleni.
Mashine mbili, moja mbovu.
Mvua ikaja, ikaondoka, ikarudi na ndugu zake.
Dewitt akainua kiti, akasogea hatua, akakiweka.
Akainua, akasogea, akaweka.
Mtu akisogea hivyo mara mia nne
huwa hajui tena ni lini aliacha kusindikiza.
Mezani wakamwuliza jina. Halikuonekana.
Akalitaja tena, polepole, herufi kwa herufi,
na Bi Ozella, aliyekwisha maliza, akageuka kusikiliza
kama mtu anayekagua mwandiko.

Usiku, runinga. Ramani.
Kaunti yetu sawa na ukucha wa mtoto.
Bwana mwenye tai akasema "kura za Weusi"
kama watabiri wasemavyo mvua:
zikinyesha, fulani atakuwa rais;
zisiponyesha, tutajua wa kumlaumu.
Hakusema maili kumi na moja.
Hakusema kiti.
Baba akazima, akaenda kunoa mkasi wa maua.

Maana Jumatano tulikuwa na mazishi: Mzee Hosea Pinkney,
aliyetutoka Jumapili, shati lake la kupigia kura
limenyooshwa, linaning'inia nyuma ya mlango.
Tulimvika lilo hilo.
Dewitt alipita akielekea kazini, buti miguuni.
Akasimama kando ya jeneza muda mrefu kuliko nilivyotarajia,
akabandua kifuani pake ile stika yenye picha ya pichi,
akaibandika kwenye kola ya mzee, upande kidogo,
akaondoka bila kuniaga.

Matokeo yalikuwa bado. Walikuwa wanahesabu.
Nikarudisha mapazia,
nikapangusa makombo ya biskuti nyuma ya gari.
Mengine sikuyaona. Yalikwenda naye.