Vidole Vinne

Nilipotoka eda, Wadha alinipima mvi kwa vidole vyake
mbele ya kioo cha bafuni, nyumbani Mabela,
kama mshoni anayetafuta pindo:
Vinne, mama.
Kimoja cha hospitali,
vitatu vya eda.
Kuanzia hapo kushuka chini ni weusi,
weusi wa dukani, wa paketi.

Twende saluni, akasema, usitoke hivyo,
watu watasema umejiachia.
Watu!
Tangu Wete watu hao hawajapata kazi nyingine.

Saluni iko Al-Khuweir, juu ya duka la miwani,
mlangoni pazia nene, wanaume wasichungulie.
Ndani amonia, udi,
na mtu anapasha wali wake wa mchana.
Ilhamu ni binti wa Fasi. Kiarabu chake kinakimbia,
changu kinatembea na karafuu mdomoni,
tukakutana kwenye utosi wangu,
akiuchambua kama anayesaka sindano kwenye mkeka.
Akanifungulia kitabu cha rangi:
vishungi vidogo, safu kwa safu,
kahawa, tende, shaba, usiku.
Chagua, khala.

Miaka ishirini na mitatu, kila Jumatano baada ya isha,
Hilali alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
taulo shingoni,
nami na mswaki mkuukuu nampaka ndevu.
Tulia wewe, utachafua ukuta.
Zamu yake ikiisha, nakaa mimi.
Mkono wake ulikuwa mzito, kama apakaye chokaa;
sikio langu la kushoto lilishinda jeusi mpaka Ijumaa.
Hatukudanganyana.
Nani amdanganye nani, na bakuli moja?
Tuliwadanganya nyinyi wengine,
na tukaona raha,
kama watoto wanaolamba sukari gizani.

Kisha zile wiki tano.
Ndevu zikaota zitakavyo, nami nazitazama,
mikono mitupu.
Jioni moja akagusa kidevu, akaniuliza kwa macho.
Nikamwambia: kesho.
Ilikuwa Jumanne.

Sleyum, mdogo wake, ndiye aliyesimamia kuosha.
Alirudi akakaa nyuma ya mlango, akidhani ananipoza:
Kumbe kaka alikuwa na mvi hivyo, shemeji!
Sikumjibu siku tatu.
Katika msiba wote ule,
hilo ndilo nililolilia kwa sauti.

Rangi gani, khala?
Wadha, kwenye kochi, ameinua macho kutoka simuni.

Ningewaambiaje?
Kwamba huu weusi wa chini wanaouita wa paketi
ni mkono wake, wa mwisho,
umepakwa Jumatano moja ya mwezi wa pili
huku akilalamika mgongo.
Kwamba hizi nyeupe ni zangu kweli, sizikani,
lakini hazikumjua.
Zimeota nyumba ikiwa kimya,
zimezaliwa yatima.

Nikafunga kitabu cha rangi.
Kata, nikasema. Nyeusi zote.
Wadha akasimama: Mama, utabaki kama mvulana!
Nitabaki kama mvulana ndani ya mtandio, nikamjibu,
na mtandio haujapata kusengenya mtu.

Mkasi ukaanza kisogoni.
Sikuwa nimejua kwamba nywele zikianguka zina sauti,
ndogo, ya mtu anayevua kandambili mlangoni.
Nikamwomba asifagie.
Nilikuja na kitambaa chake cha mfukoni,
nitazifunga humo, nizifukie penye mndimu;
bibi yangu angenipiga nikiziacha zikanyagwe.

Kichwa kikawa chepesi hata nikakishika.
Kwenye kioo alikaa mtu ninayemfahamu kwa mbali,
shangazi wa upande wa baba, labda,
mwenye ulimi.

Mkasi ulipofika nyuma ya sikio la kushoto,
nikauzuia kwa kiganja.
Hapo basi. Acha kishungi hicho.
Ilhamu akarudi nyuma hatua moja,
akainamisha kichwa, akapima kwa jicho la fundi.
Upande huu haukulingana, khala.

Haujapata kulingana, nikamwambia.