Mlokwati 1, Unazaa

Tunda hili hutalikuta Marikiti.
Ukilichuma alfajiri, saa sita lina madoa
kama goti la mtoto aliyeanguka,
na jioni nzi washaligawana.
Ndiyo maana halina bei.
Ukitaka kula lokwati sharti uwe na mtu,
na mtu huyo awe na mti,
la sivyo ukuta uwe mfupi, na miguu yako mirefu.

Sisi tulikuwa na Truphosa Khasiala,
karani mstaafu wa maghala ya reli,
kota nambari kumi na tisa, nyuma ya Barabara ya Jogoo.
Baridi ya Julai ikianza kulegea
mti wake ulipata rangi ya kiini cha yai la kienyeji
na kuzumburu wakaja na mikia yao mirefu
kula kabla yetu, bila kubisha hodi.

Alitugawia mabeseni.
Kazi yetu ilikuwa kutoa mbegu:
nne, tano, kahawia, zinang'aa kama viatu vya Jumapili.
Tunda lote ni koti jembamba lililovishwa mawe!
"Temeni. Ukitafuna mbegu, tumbo litakushtaki."
Kilo nne zikabaki mbili na ushei.
Sukari aliipima kwa kikombe kisicho na mkono,
ndimu mbili akazikamua,
maji hakutia hata tone:
"Hili lina machozi yake."
Povu la jamu aliliengua kwa mwiko
akalipaka kwenye ncha ya mkate,
na ncha ya mkate ni moja,
na sisi tulikuwa tisa.

Majani nayo, magumu, yana manyoya upande wa chini.
Aliyasugua kwa brashi kabla ya kuyachemsha,
maana manyoya huwasha koo lile lile
unalotaka kulituliza.

Niseme kweli: sikuyapenda sana malokwati.
Yalinikaza ufizi.
Nilipenda kutema.

Kisha wakaja vijana wa futi na rangi nyekundu,
wakachora alama ukutani, wakagawa fomu:
vyumba vingapi, mabati mangapi, choo cha ndani au cha nje.
Truphosa akauliza mti unaandikwa wapi.
"Mti si mali, mama. Hauna risiti."
Akavaa miwani.
Chini ya mabati, kwa mwandiko wa miaka thelathini ya maghala,
akaandika: *mlokwati 1, unazaa*,
akatia sahihi, akadai nakala.

Hakulipwa. Nakala ninayo.

Mbegu ninayo pia, au ilikuwa mbegu:
sasa ni mche kwenye ndoo ya rangi,
ghorofa ya saba, Pipeline,
mwaka wa nne, majani matupu.
Jua hulipata robo saa, likipita kati ya majengo mawili
kama mtu anayekwepa deni.
Nikiumwagilia, maji huangukia nguo za Nyanchama wa ghorofa ya sita,
naye hunitaja jina kamili.

Jana usiku alipanda ngazi.
Nikajiandaa kuomba radhi.
Mwanawe alikuwa mgongoni, anakohoa kikohozi kikavu,
na mkononi ameshika jani lililodondoka kwake.
"Mama yangu alikuwa anachemsha kitu kama hiki. Ndicho?"

Nikachungulia kabatini.
"Ndicho," nikasema. "Lakini ingia kwanza.
Tutafute mswaki wa zamani."